Sabuni Ilikataa Povu

Kamba ilikuwa tupu.

Nilisimama mlangoni mwa kile chumba cha wageni cha Gichuru, ufunguo bado mkononi, nikaitazama ile kamba kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Vibanio vilikuwepo, vyote kumi na vinne. Dirisha lilikuwa wazi vile vile nilivyoliacha Jumapili. Shuka hazikuwepo.

"Gichuru!"

"Niko jikoni. Utakunywa chai ama uji?"

"Shuka zangu ziko wapi?"

Kijiko kikaacha kugonga kikombe. Mwanamume huyu namjua. Akikoroga chai huwa anakoroga kwa kelele, kama anayechimba kisima, na kijiko kikinyamaza ghafla ujue kuna jambo.

Alitokea ukumbini na taulo begani, shati la kazi halijafungwa vifungo. Alikuwa mfamasia kwenye duka moja la dawa hapo hapo Parklands, mtu wa kuhesabu vidonge na kuandika kila kitu kwenye kibandiko. Akachungulia chumbani juu ya bega langu. Niliisikia pumzi yake shingoni na nikajilaani kwa kuisikia wakati kama ule.

"Mum alikuja jana," akasema. "Aliniletea mboga. Pengine alipanga panga nyumba kidogo."

"Alipanga panga shuka zangu akazipeleka wapi?"

"Ngoja nimpigie. Usianze kupanda juu."

"Sijapanda. Nikipanda utajua."

Acha nieleze kabla hujafikiri nilikuwa napayuka kwa sababu ya matandiko. Zilikuwa shuka saba nyeupe, kuukuu, nilizopewa na wanawake saba wanaolima mwani kule Kibuyuni, pwani ya kusini. Kila mwezi, kwa miezi saba, nilishuka huko kwa ajili ya shuka moja. Tulingoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Mwenye shuka na mimi tuliitandika juu ya shamba lake la mwani, tukaifunga kwenye vigingi, bahari ikaja ikalala juu yake, kisha ikaenda zake. Tukaianika pale pale. Kilichobaki kilikuwa duara juu ya duara, rangi ya strungi, ile chai bila maziwa, na ukingoni chumvi nyeupe iliyoweza kukwaruzwa kwa kucha.

Mwani wao unakufa. Maji yamekuwa ya moto, wanasema, na mmea unageuka mweupe na kukatikia mkononi. Shuka ya kwanza ilitoka imejaa madoa. Ya pili ilikuwa na machache zaidi, na ya saba ilikuwa karibu haina kitu. Ukizitundika kwa mstari unaiona bahari ikichoka, mwezi baada ya mwezi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi, Nakhumicha, msichana wa Bungoma asiyejua kuogelea, nachora bahari, na safari hii niliiacha bahari yenyewe ishike brashi.

Nilizitundika kwake kwa sababu ilikuwa Julai. Chumba changu cha Kangemi Julai hutoa maji ukutani, na chumvi hupenda unyevu, basi zikaanza kulia, matone yakidondoka sakafuni. Kwa Gichuru, orofa ya nne, kulikuwa na hewa kavu na jua la asubuhi. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe kesho yake, Ijumaa saa kumi na moja jioni, katika chumba kimoja cha ghorofani katikati ya mji. Jumamosi, watu wa Gichuru walikuwa waje Kangemi kwa mjomba wangu Zadock, kujitambulisha rasmi. Mjomba alikuwa ameshakodisha hema.

Gichuru aliongea na simu kwa Kikuyu, mgongo ameugeuza. Kikuyu changu ni cha sokoni tu, lakini mgongo wa mtu unayempenda hauhitaji mkalimani. Ulikunjika.

"Amezifua," akasema.

"Amefanya nini?"

"Amezifua, Nakhu. Alizibeba mpaka kwake Kinoo kwa sababu hapa jana mifereji ilikuwa imekauka. Anasema zimetakata kabisa, amezipiga pasi." Akaiweka simu mfukoni. "Anasema pia usijali, hajaambia mtu."

"Hajaambia mtu nini?"

"Sijui. Ni vile amesema. Jana usiku pia aliniuliza dawa nzuri ya figo, nikafikiri ni yake."

Nilikaa chini sakafuni, chini ya kamba. Sikulia. Machozi yalikuja hadi mahali fulani yakakataa kutoka, na hilo lilinichosha zaidi kuliko kulia. Gichuru akachuchumaa mbele yangu, akaishika mikono yangu yote miwili. Mikono yake ina joto siku zote. Ndiyo niliyoipenda kwanza, kabla ya uso, siku nilipoingia dukani kwao nikichechemea na mwiba wa baharini kwenye unyayo. Aliuchomoa taratibu huku akinicheka: "Mtu wa Bungoma, bahari imekudunga wapi? Kangemi?" Nilicheka mpaka nikasahau maumivu, na wiki iliyofuata nilirudi nikiwa na mguu mzima kabisa.

"Tutafanya hivi," akasema. "Tunaenda kuzichukua sahi. Unazitundika vile ziko. Hao watu wa maonyesho watajuaje? Wewe waambie ni art, wataamini."

Nikaitoa mikono yangu.

"Waambie ni art?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Kwani hiyo ndiyo kazi mimi hufanya, Gichuru? Naambia watu vitu wanaamini?"

"Nakhu, natafuta tu njia."

"Mama yako alijua zile ni nini? Ulimwambia?"

Aliangalia friji. Mtu mzima, miaka thelathini na tatu, aliangalia friji kama ndiyo iliyoulizwa.

"Nilikuwa nangoja time poa," akasema.

"Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua."

"Anafikiri nafanya kazi gani?"

"Wacha twende kwanza tuone hali. Tafadhali."

Tukaenda. Swali langu hakulijibu, nami kwa haraka ya kuziona shuka zangu sikumkaba. Hilo lilikuwa kosa langu.

Tulipanda Waiyaki Way bila redio. Alinitupia jicho mara tatu, nami mara tatu nikajifanya nasoma mabango. Ningependa kukuambia nilimchukia. Sikumchukia, na ndiyo maana nilikuwa na hasira zaidi. Tulipopita Kangemi niliona paa la nyumba ya mjomba Zadock na nikafikiria hema, viti vya plastiki, mama zangu wadogo wanaokuja na basi kutoka Bungoma wakiwa wamebeba kuku. Gichuru alilegeza mwendo.

"Hata ukinichapa kofi ni sawa," akasema. "Lakini usinyamaze."

"Endesha gari."

Nyumba ya mama yake Kinoo iko ndani ya ploti yake mwenyewe, mbele ya mstari wa vyumba anavyopangisha. Lango lilikuwa wazi. Niliziona kabla gari halijasimama, zote saba, kwenye kamba ndefu kati ya tangi na ukuta. Nyeupe pe. Zilikuwa safi kiasi kwamba jua hafifu la Julai lilinichoma macho. Alikuwa amezipiga pasi kisha akazirudisha kambani zipate upepo, na mikunjo ya pasi ilikuwa imenyooka kama mistari ya daftari. Miezi saba yangu ilinukia sabuni.

"Mwalimu!" Mama Gichuru alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso. Mwanamke mfupi, mpana, sweta ya kijani iliyofungwa vifungo hadi juu. "Mwalimu, karibu! Karibu sana. Baba, mbona hukusema mnakuja asubuhi, ningepika?"

Baba ndiye Gichuru. Amepewa jina la babake baba yake, na mama yake humwita hivyo kwa heshima ya mkwewe marehemu. Na mwalimu ndiye mimi. Nilikuwa nimeonana na mama huyu mara mbili, na mara zote mbili aliniita mwalimu. Mimi hufundisha watoto wa kanisani kuchora kila Jumamosi, basi nikafikiri Gichuru amemsimulia hilo, nami moyoni nikafurahi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, msichana wangu. Kuja." Alinishika kiwiko na kuniingiza jikoni. Gichuru akatufuata na kusimama mlangoni. Mama alichungulia nje, akamwona mpangaji wake Cate akisugua sufuria kwenye bomba, akaufunga mlango nusu na kushusha sauti.

"Usione haya," akasema.

"Kwa nini nione haya, Mama?"

"Hapa uko kwenu. Hayo mambo hutokea. Dada ya mamangu alichora ramani mpaka akaolewa, na alizaa watoto tisa, wote wazima."

Sikuelewa. Nilimtazama, naye akanitazama kwa huruma tupu.

"Alichora ramani, Mama?"

"Si unajua." Akaonyesha kwa kichwa kule kwenye kamba. "Za kitanda."

Kila aliyelala bweni anajua ramani ni nini. Mtoto akiamka amelowesha godoro, wenzake wanamkusanyikia: leo umechora ramani ya wapi? Maneno yalinifikia polepole, kisha yakanifikia yote kwa pamoja, na uso wangu ukashika moto hadi masikioni.

"Nilifungua hicho chumba kutoa vumbi," mama akaendelea, sasa akinisugua mkono, "nikaona mashuka yameanikwa ndani ya nyumba. Dirisha wazi, mlango umefungwa. Na ni saba! Nikasema woi, maskini wa Mungu, huyu ni wa kila siku ya wiki."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nisipomaliza nitaona aibu. Hiyo chumvi, mwalimu, si ya kawaida. Sabuni ilikataa povu. Nimefua maisha yangu yote, nimefulia watu watano na wagonjwa wawili, sijawahi kuona shuka inakataa povu. Nikabadilisha maji mara tatu. Ndio nikauliza Baba dawa ya figo. Sikumwambia ni ya nani." Akavuta pumzi. "Na huko shuleni, wanajua? Watoto wa siku hizi ni wabaya. Wakijua mwalimu wao..."

"Shule gani, Mama?"

"Si hiyo yako ya Westlands. Ya wazungu. Baba ameniambia utapandishwa cheo mwakani."

Nikageuka.

Gichuru alikuwa amesimama na mkono kwenye fremu ya mlango. Nilimtazama machoni. Nilimtazama kwa muda mrefu wa kutosha mtu yeyote kufungua mdomo na kusema maneno manne: Mum, hizo ni kazi. Sikuwa nimekasirika bado. Nilikuwa namngoja. Nilikuwa tayari kumcheka, kumfinya, kumsamehe ndani ya gari, kila kitu.

"Asante, Mum," akasema. "Nitamtafutia hiyo dawa."

Sijui kama umewahi kuona mtu unayempenda akiwa mdogo mbele yako. Si mbaya, mdogo tu. Alikuwa radhi mama yake aamini nakojoa kitandani kila siku ya Mungu, Jumatatu hadi Jumapili, kuliko ajue nachora.

"Mama," nikasema, "mimi si mwalimu."

"Ati?"

"Sifundishi Westlands. Sijawahi. Na sikojoi kitandani. Hizo shuka ni kazi yangu. Mimi ni msanii. Hiyo chumvi ni ya bahari, na hayo madoa ni ya mwani, na nimekaa miezi saba kuyaweka pale."

Nje, sufuria ya Cate iliacha kusuguliwa.

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama katikati ya jiko lake, kati ya gunia la viazi na jiko la gesi. Nikamweleza Kibuyuni, vigingi, bamvua, na yule bibi wa shuka ya saba aliyesema kabla hajaniachia: hii niliolewa nayo, ipeleke huko kwenu waone maji yametufanya nini. Mama Gichuru alivuta kiti, akakaa, akaishika leso yake kwa mikono miwili.

"Hizo si za kulalia," akasema mwishowe, polepole.

"Hapana, Mama."

"Na mimi nimeziosha."

"Ndiyo, Mama."

Akamgeukia mwanawe. Alianza kwa Kikuyu, kisha akabadilisha, nadhani ili nami nisikie.

"Ni ukweli?"

"Mum, ungekataa."

"Ningekataa! Ningekataa sana. Kuchora si kazi, hata sasa nasema mbele yake, mwalimu atanisamehe..." Akajipiga paja. "Tazama, hata sijui nimwite nani! Ningekataa mwezi mmoja, miwili, ningepigia mashangazi zako wote simu. Halafu ningezoea, kama vile nilizoea ulipokataa udaktari. Sasa umenifanya nifue miezi saba ya mtoto wa watu na nimwite kikojozi ndani ya nyumba yangu. Na ukasimama hapo ukasema asante!"

"Mum, pole."

"Shukuru hilo jina lako. Ningekutusi, lakini jina la baba mkwe wangu siwezi kulitusi."

Gichuru alinitazama, macho yamejaa maji. Mwili wangu wote ulitaka kuvuka lile jiko na kuweka kichwa chake begani mwangu. Nikaishika meza badala yake. Na hapo ndipo, katika ile hali ya kutotulia, ya kutaka kukimbia na kutaka kubaki, swali likanijia.

"Mama, yale maji uliyofulia uliyamwaga wapi?"

"Kumwaga?" Alinishangaa kana kwamba nimeuliza alikozika mtu. "Maji hapa yanakuja Jumanne na Ijumaa. Nani anamwaga maji Kinoo?"

Akainuka, akaniongoza nyuma ya nyumba hadi kando ya choo cha wapangaji. Mabeseni mawili makubwa yalikuwa yamefunikwa kwa mabati. La tatu lilikuwa limeinamishwa ukutani, tupu.

"La sabuni limetumika tangu jana," akasema. "Haya ni ya kusuuza. Nilikuwa nimeyawekea choo."

Nikaondoa bati. Maji yalikuwa rangi ya strungi. Chini kabisa kulikuwa na uchafu wa kahawia, nyuzi nyembamba za mwani, na mchanga kidogo. Nikachovya kidole na kuonja. Chumvi, na nyuma ya chumvi sabuni kwa mbali. Sasa yale machozi yaliyokuwa yamekwama tangu asubuhi yakatoka yote.

"Ni nini? Imekuuma?" Mama Gichuru akauliza.

"Iko hapa, Mama. Haijaenda."

Alinitazama, akayatazama maji. Kisha mwanamke yule, aliyefunga sweta hadi kooni, akainama na kuchovya kidole chake naye, akakiweka ulimini.

"Hii ndiyo bahari?"

"Ndiyo hiyo."

"Miaka sitini na tatu sijawahi kuiona." Akafikiri. "Na nilikuwa nimeiwekea choo." Akaziba mdomo kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipojikuta nafanya vyote viwili pamoja naye.

Nilimpigia simu Anita, mwenye kile chumba cha maonyesho mjini. Nikamwambia naleta shuka saba safi na lita arobaini za maji machafu, na kwamba nataka mabeseni chini ya kila shuka. Sikujua bado kama itakuwa kazi au kichekesho.

"Nani alizifua?" akauliza.

"Mama mkwe. Labda."

"Labda alizifua ama labda ni mama mkwe?"

"Nitakwambia kesho."

Mama akatafuta jerikeni mbili. Gichuru akaja kushika faneli bila kuambiwa. Tulimimina maji, vichwa karibu kugusana, naye akatazama kila tone kama anavyotazama dawa ya maji ikiingia chupani. Mama aliondoka kwenda kukunja shuka. Nilijua ameondoka makusudi.

"Nakhu."

"Shika sawa, inamwagika."

"Sikuonei haya."

"Unanionea. Na hiyo haya ningekusamehe, wallahi. Hata ya ualimu ningekusamehe, ningekucheka mwaka mzima. Ni ile 'asante, Mum'. Hiyo sijui nitaiweka wapi."

Jerikeni ilijaa, akaifunga kifuniko, akakikaza mara mbili.

"Jumamosi je?" akauliza.

"Jumamosi utamwambia mjomba Zadock umekuja kuomba nani? Mwalimu hayuko. Alikufa leo jikoni kwa mamako."

"Nakuja kukuomba wewe."

"Mimi ni nani?"

Akafungua mdomo. Ukuta wa choo tu ndio uliokuwa karibu, na nyuma yake wapangaji, na nyuma yao Kinoo nzima inayomjua tangu akiwa na kaptula. Nilimwona akisikiliza sauti ya sufuria ya Cate.

"Basi," nikasema, "nitaita gari la kukodi."

"Niachie nikupeleke."

"La. Wewe baki."

Gari lilifika langoni baada ya dakika kumi. Mama Gichuru alikuwa amebeba shuka zangu kifuani, zimekunjwa vizuri, kana kwamba anapeleka mtoto kubatizwa. Alisisitiza kunisindikiza. Nikachukua jerikeni moja, yeye akaning'iniza kamba ya ile nyingine mkononi, nikamkatalia, akanikatalia.

"Bado sipendi hiyo kazi," aliniambia tukitembea.

"Sawa, Mama."

"Lakini hiyo kesho ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Nitavaa sweta gani?"

Tulikuwa tumefika katikati ya ploti, na Cate alikuwa amesimama wima sasa, mikono kiunoni, amechoka kusikiliza nusu nusu.

"Mama Gichuru!" akaita. "Kwani mwalimu anatubebea maji ya choo? Anayapeleka wapi?"

Wapangaji wawili wakatoka milangoni. Mama alifungua kinywa, akanitazama, akakifunga. Nami nilikuwa nimeshasema ya kutosha kwa siku moja. Niliendelea kutembea.

"Si mwalimu!"

Sauti ilitoka nyuma, kutoka kule kwenye choo. Ilipasuka katikati, ikaanza upya, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Si mwalimu, Cate! Nilidanganya! Anaitwa Nakhumicha, ni msanii, anachora bahari! Na hayo si maji ya choo, ni kazi ya bibi yangu!"

Mtu mmoja akazima redio.

Mimi si bibi yake, bado. Sikugeuka. Lakini ile jerikeni ikawa nzito ghafla, nikaihamishia mkono mwingine, na nikapunguza mwendo.